Je, Kitu Kibovu Chaweza Kuwa Zawadi?

Ndugu msomaji, kuna maswali ambayo ukiyatamka mbele ya watu yanaonekana madogo, hata ya kuchekesha, lakini ukilala nayo usiku mmoja tu yanageuka jiwe kifuani. Swali langu la leo ni la namna hiyo. Mtu akimpa mwenzake kitu kibovu, kitu ambacho yeye mwenyewe kimemshinda, je, amempa zawadi au amemtwisha takataka? Na yule aliyepokea, aseme asante au anyamaze tu?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tumeizoea mno, kiasi kwamba tunaitumia kumtetea yeyote atoaye chochote. Ametoa bwana, yatosha! Mimi nasema haitoshi. Ikiwa kutoa ni moyo, basi tuuangalie huo moyo wenyewe. Yupo anayetoa ili mwenzake apate, na yupo anayetoa ili chumba chake kipate nafasi. Wote wawili wamenyoosha mkono, na anayewatazama kwa mbali hawezi kuwatofautisha. Ila wao wenyewe wanajua.

Katika mabishano yetu ya kijiweni hapa Mwanza nimeona kuna kambi mbili juu ya jambo hili. Nitazieleza zote, halafu nitaeleza kwa nini siwezi kuhamia kambi yoyote kati ya hizo.

Kambi ya kwanza ni ya wale wanaosema kwamba kitu cha bure hakina lawama. Hukulipa, sasa unadai nini? Kikifanya kazi, bahati yako. Kisipofanya, hujapoteza hata senti tano. Hoja hii ni tamu kwa sababu inamwacha mtoaji akiwa safi kabisa. Lakini si kweli kwamba cha bure hakimgharimu mpokeaji. Atakibeba, atakitafutia mahali pa kukiweka, atanunua waya na kifaa hiki na kile, atakesha. Na ubovu mwingine si wa kupoteza muda tu. Betri ya kompyuta iliyovimba inaweza kushika moto. Ukimpa mtu betri ya namna hiyo huku ukijua, na usimwambie, utajiteteaje nyumba yake ikiungua? Utasema ilikuwa ya bure?

Tena jambo hili si geni hata katika vitabu vya dini, ambavyo karibu kila nyumba ya mtaani kwetu ina kimojawapo. Katika Kurani, sura ya Al-Baqara aya ya 267, waumini wanakatazwa kuchagua kilicho kibaya katika mali yao wakakitoa, ilhali wao wenyewe wasingekipokea ila kwa kufumba macho. Katika Biblia, nabii Malaki, sura ya kwanza, anawashutumu waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema, na anawataka wajaribu kumpelekea mtawala wao mnyama kama huyo waone kama atafurahi. Kwa hiyo hila ya kujisafisha kwa kutoa kilichochakaa ilijulikana zamani sana, na ilikwisha kukemewa.

Hapo ndipo inapoingia kambi ya pili. Hawa wanasema: basi, usitoe kibovu kabisa. Toa kizima au kaa kimya. Ukisikia haraka unaona hawa ndio waadilifu. Lakini hebu tuwaulize: je, maskini atoe nini? Mwenye vitu vizima vitatu anaweza kutoa kimoja. Mwenye kimoja kibovu, je, amefukuzwa katika jamii ya watoaji? Mimi naona kambi hii, bila kujua, imeifanya zawadi kuwa mali ya matajiri. Na ile methali yetu imekataa jambo hilo waziwazi.

Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tuna mfano wetu, nao ni mapanki. Msomaji wa mbali labda hajui. Mapanki ni vichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kusafirishwa Ulaya na kwingineko. Sangara mwenyewe si mwenyeji wa ziwa hili, alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, iliyoonyesha mapanki yetu kwa dunia nzima, na ilizua ugomvi mkubwa hata Rais Kikwete akailaumu hadharani mwaka 2006. Watu waliona aibu. Waliona wameonyeshwa kama walaji wa makombo.

Nimekua nikimwona shangazi yangu akikaanga mapanki na kuyauza, na watoto wake wamevaa sare za shule kwa fedha hiyo. Kwa hiyo sikubali kwamba mapanki ni takataka. Lakini sikubali pia kwamba hapana neno. Neno lipo, nalo ni hili: nani alichagua? Shangazi anaponunua mapanki, anajua ananunua mapanki. Hakuna aliyemwambia ni minofu. Anajua atayafanyia nini, na ana ujuzi wa kuyafanyia. Uchungu unakuja pale mtu anapoambiwa kwamba mfupa ndio stahili yake daima, na kwamba ashukuru. Mfupa ni uleule. Kinachotofautiana ni ukweli ulioandamana nao, na uhuru wa anayeupokea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nina kompyuta ya mpakato, hizi tunazoziita laptopu. Niliinunua mtumba kwa shilingi 280,000, fedha niliyoipata kwa kupanga magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Aliyeniuzia, katika duka moja la mjini, alinihakikishia kwamba ni nzima kabisa. Baada ya wiki mbili bawaba ya kioo ikaachia, ikaonekana ilikuwa imegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi juu. Niliporudi dukani nikaambiwa mali ikitoka mlangoni hairudi. Nikaitumia hivyohivyo kwa miaka miwili, kioo nikiwa nimekiegemeza kwenye ndoo, nikaandika humo zaidi ya nusu ya riwaya yangu. Leo hii inazima yenyewe kila baada ya dakika 20 kwa joto, betri imeanza kuvimba, kioo kina mistari upande wa kushoto, na herufi K imekufa. Nani aandike Kiswahili bila K?

Mbele yangu kuna njia tatu. Ya kwanza, niifute vumbi, nibandike bawaba kwa gundi kama nilivyofanyiwa, nimuuzie mwanafunzi wa chuo aliyetoka mkoani kwa 150,000. Kwa dakika 20 za kuijaribu haitazima. Ya pili, niipeleke kwa wauza spea, wameshaniambia watanipa 40,000, waichinje, wachukue kumbukumbu, diski na chaji. Ya tatu ni kijana mmoja wa Mabatini, mdogo wangu kwa umri, mgonjwa wa kompyuta kama mimi. Ameishia kidato cha nne, anajifunza ufundi kwa kusoma kwenye simu na kufungua redio za watu. Alipoiona aliniambia: "Kaka, hiyo usiitupe wala usiiuze. Nipe mimi nifie nayo." Hana hata elfu kumi.

Njia ya kwanza sihitaji kuieleza sana, lakini nisiseme uongo kwamba haina mvuto. Ina hoja yake. Hoja yenyewe ni kwamba nami nilipigwa, kwa hiyo nikimpiga mwingine nimerudisha tu changu. Mtaani maneno haya yanasemwa kama hekima. Lakini angalia vizuri: yule aliyenipiga hatarudishiwa chochote. Atakayelipa ni mwanafunzi ambaye hakunikosea lolote. Dhuluma ya namna hii ni kama kijiti cha mbio za kupokezana, kila mtu anakimbia ili amkabidhi wa mbele yake, na wote wanajiita wajanja. Lazima apatikane mmoja wa kukishika kile kijiti na kukaa nacho. Kukaa nacho kunauma. Basi.

Njia ya pili ni halali kabisa. Muuza spea anajua anachonunua, mimi najua ninachouza, hakuna aliyedanganywa. Hapa ndipo swali linapokuwa gumu, kwa sababu si swali la wema na ubaya tena. Ni swali la jema na jema lingine. Kwa nini nitoe bure kile ninachoweza kukiuza kwa haki?

Jibu nililolipata ni kwamba kitu kibovu kina thamani moja ambayo kizima hakina. Kinafundisha. Jiulize, nani atampa kijana wa Mabatini kompyuta nzima aifungue ili aone ndani kuna nini? Hakuna. Mwenye kizima anaogopa kiharibiwe, na ana haki. Mwanafunzi wa udaktari haanzi kwa kumpasua mtu aliye hai. Huanza kwa maiti, na mahali pale maiti ni mwalimu. Vivyo hivyo kwa fundi. Chombo pekee ambacho mwanagenzi anaweza kukifungua, akakosea, akakata waya usio wake, akacheka na kuanza upya, ni kile ambacho tayari kimeharibika. Kwa maana hiyo kitu kibovu kwake si zawadi ya daraja la pili. Ndicho hasa anachokihitaji.

Historia ya kompyuta inanipa ushahidi. Tarehe 5 Machi 1975, watu wachache waliopenda kompyuta walikutana katika gereji ya mwenzao Gordon French huko Menlo Park, California, wakaanzisha kikundi kilichoitwa Homebrew Computer Club. Walibadilishana vipuri, michoro na siri za ufundi. Kijana mmoja kati yao, Steve Wozniak, alikuwa akigawa bure michoro ya mashine aliyoibuni, na mashine hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka 1976. Mwaka mmoja kabla ya mkutano ule wa gereji, yaani 1974, Serikali yetu hapa ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya Hazina kupata hasara na matatizo kwa kuzitumia katika hesabu zake. Silaumu wazee wetu, hasara ni hasara. Ninachosema ni kwamba wakati wenzetu walikuwa wakijifunza kwa kuharibu, sisi hatukuwa na hata cha kuharibu. Kijana asiye na cha kuharibu atajifunzia wapi?

Tena leo mashine iliyozeeka si lazima ife. Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi ambazo haziwezi kubeba toleo jipya zikahesabiwa zimekwisha. Lakini kuna Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na kuna Ubuntu, iliyotoka mwaka 2004 na kwa miaka kadhaa ilikuwa ikitumwa bure kwa posta katika diski kwa yeyote aliyeomba. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka huohuo programu za ofisi katika Kiswahili zikaitwa Jambo OpenOffice. Hivi vyote ni vitu vilivyotolewa na watu wasiotujua. Sisi tunaojuana tushindwe?

Haya, tuseme nimekubali kutoa. Je, yatosha kunyoosha mkono? Hapana. Naona mtoaji wa kitu kibovu ana wajibu wa aina tatu.

Kwanza, aseme ubovu wote. Asiseme "ina tatizo dogo tu." Aseme: betri imevimba, iondoe kabla ya kuichomeka popote, usiitoboe, usiitupe motoni. Inazima baada ya dakika 20. Bawaba imegandishwa kwa gundi na mtu fulani. Ukweli huu ni sehemu ya zawadi. Kwa fundi, kujua ugonjwa unaanzia wapi ni nusu ya dawa. Ukimnyima hilo umempa kitu nusu, na hiyo nusu uliyobakiza haikufai wewe chochote.

Pili, asitoe kisicho chake. Kompyuta yangu ina siri za watu. Mtaani mimi ndiye ninayewachapia majirani barua za kazi, mikataba ya kuuziana viwanja, orodha za michango ya harusi na nani hakuchanga. Kufuta faili kwa kubonyeza tu hakulifuti. Ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu, kurasa nyingine zote bado zipo, na mtu anayejua kutafuta atazisoma. Lazima diski ifutwe kwa kuandikwa upya juu yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria jambo hili liko wazi: ukarimu wangu hauna ruhusa ya kugawa aibu ya jirani.

Na riwaya yangu je? Nimeinakili mara mbili kwenye fleshi na nimeanza kuichapa kwenye karatasi. Namkumbuka mzee wetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Karatasi zake zilingoja miaka 35. Diski yangu haiwezi kungoja hata miaka mitano.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, mtoaji aache dai lakini abaki na dhamana. Nieleze. Mwanazuoni wa Kifaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba hakuna zawadi isiyo na kamba, kila mpokeaji hujikuta anadaiwa kurudisha. Sisi hatukuhitaji Mfaransa atuambie, tunawaona kila siku. Mtu amempa kijana viatu vilivyotoboka, basi kijana amekuwa mtumwa wake: nifulie, nichotee maji, si nilikupa viatu? Nikimpa kijana yule kompyuta kisha nikawa napeleka simu zangu kwake zitengenezwe bure mwaka mzima, sikumpa kitu. Nimemuajiri kwa mshahara wa mfupa. Dai hilo lazima nilizike siku ileile.

Lakini hapohapo siwezi kufuata neno kwa neno ile methali ya tenda wema nenda zako. Inafaa kwa kitu kizima. Kwa kibovu, nani atazika maiti ikishindikana? Katika mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na chini ya robo ndizo zilizoandikwa kuwa zilikusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nchi za Afrika zilikubaliana Mkataba wa Bamako mwaka 1991 kuzuia taka za hatari zisiingizwe barani, lakini vibovu bado vinaingia katika makontena vikiitwa msaada au mitumba. Ndani ya hizo mashine mna risasi, na baadhi ya skrini za zamani zina zebaki. Wanaozichoma nyaya wapate shaba huvuta moshi wa sumu. Kama nachukia tajiri wa mbali anayetuma maiti yake kwetu na kuiita msaada, siwezi kufanya vilevile kutoka Kirumba hadi Mabatini. Kwa hiyo nitamwambia kijana: ikikushinda, usiichome, usiitupe mtaroni iteremke ziwani. Nirudishie, tutaitafutia njia pamoja. Hiyo ndiyo dhamana. Inanifunga mimi, haimfungi yeye.

Limebaki pingamizi moja, na linatoka kwa mtu ninayemheshimu kuliko Mauss. Mama aliponisikia alisema: "Mwanangu, elfu arobaini ni unga wa nyumba hii. Huyo kijana ana mama yake." Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kuna msomaji mwenye nalo. Mama hana kosa. Kuna watoaji wengi wanaosifiwa barabarani huku nyumbani kwao sufuria limefunikwa tupu. Kutoa cha Mama kwa mkono wangu si kutoa, ni kuchukua mara mbili.

Kwa hiyo nimejipangia hivi. Nitabeba magunia ya zamu ya usiku Mwaloni mpaka nimkabidhi Mama 40,000 yake. Siku hiyo ndipo kompyuta itakapokuwa yangu ya kutoa. Mgongo utauma, najua. Lakini zawadi ambayo haikumgharimu mtoaji, bali imewagharimu walio chini yake, tusiiite zawadi.

Basi jibu langu ni ndiyo, kitu kibovu chaweza kuwa zawadi, tena zawadi ya maana, endapo mtoaji atasema ubovu wake, atatoa kilicho chake peke yake, ataacha dai na kubaki na dhamana. Yakikosekana hayo, hata ukifunga kwa karatasi ya kung'aa na utepe mwekundu, umehamisha tu takataka kutoka uani kwako kwenda uani kwa jirani. Kuna watakaosema nimeweka masharti mengi mno kwa kompyuta isiyo na K. Waandike nao tuwasome. Lakini kabla hawajashika kalamu, watazame juu ya kabati na chini ya kitanda. Kuna kitu kibovu pale. Na mtaani kuna mtu anakihitaji, wala hajapata ujasiri wa kuomba.